Toa Yaliyo Kifuani

Siku ya kuniaga, vijana wa maabara pale Voi walinikatia keki, wakanivisha shada la maua ya plastiki, wakanisifu kwa mambo ambayo mengine sikuyafanya. Sikuwasahihisha, mtu haagwi mara mbili. Ndipo Mkamburi, mdogo kuliko wote kazini na mwenye mdomo kuliko wote, akainua mkono kana kwamba yuko darasani.

"Mzee Mutua, wewe umekaa na makohozi ya watu miaka yote hii. Hizi dawa za kifua za mitishamba, hizi za chupa, zinasaidia ama hazisaidii? Tuambie tu leo. Si umeshatoka, nani atakufuta?"

Watu wakacheka. Mimi nikasema keki ni tamu.

Nimekaa nyumbani majuma kadhaa sasa na lile swali halijaniacha. Nikienda sokoni nalikuta huko huko, maana hapa Voi dawa hizo siku hizi zinauzwa kwa kipaza sauti, na chupa ina picha ya mapafu mawili mekundu yanayong'aa kama nyanya. Kwa hiyo naandika. Ila nakuonya mapema, Mkamburi, wewe na wenzako: jibu sina. Niliingia kazini nikiwa nimechanganyikiwa na nimetoka hivyo hivyo. Ninachoweza ni kuwaonyesha mahali nilipopotea, na huko ni Wusi, juu milimani.

Mimi ni Mkamba wa hapa hapa Voi. Baba yangu alikata mkonge, nami nilikulia kwenye joto na vumbi jekundu. Nilipopangiwa kituo cha afya kule milimani nilipanda na shati la mikono mifupi, na usiku wa kwanza nilijifunika pazia. Asubuhi nilionyeshwa maabara: chumba kimoja, dirisha moja, meza, na hadubini ya zamani isiyotumia umeme. Chini yake ilikuwa na kioo kidogo cha kunasa mwanga wa jua na kuurusha juu kwenye slaidi. Kifaa kizuri sana, isipokuwa kule Wusi jua lina mambo yake. Ukungu ukishuka, kituo kizima kiliendelea na kazi ila mimi. Nilikaa pale dirishani nikisubiri mlima uonekane, wagonjwa nao wakinisubiri mimi.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Nyambu, Mtaveta mmoja mkimya aliyekuwa karibu kustaafu. Chai ya rangi aliipenda, habari za kusikia hakuziamini. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye kabati la mafagio, akachomoa chelewa chache kwenye ufagio mpya, akazikata kwa wembe. Hivyo ndivyo vijiti vyetu vya kupakia makohozi kwenye slaidi. Sista Wakesho, muuguzi aliyesimamia wodi, alikuwa akilalamika kila mwezi kwamba mafagio ya kituo hiki yananyonyoka kama kuku mgonjwa, na Nyambu alikuwa akimsikiliza kwa huruma kubwa.

"Kabla hujashika hadubini," aliniambia, "angalia kikopo. Kinuse ukithubutu. Mate yanatiririka, makohozi yanavutika kama bamia. Mtu akikuletea mate umsomee, utamwambia yuko mzima, naye atakwenda kufa nyumbani akikusifu."

Nikajifunza. Paka, kausha, mwaga rangi nyekundu, pasha moto kwa taa ya spiriti, osha, kisha rangi ya buluu. Vijidudu vya kifua kikuu vikishaishika ile nyekundu haviiachi. Vinabaki kama vipande vya uzi mwekundu juu ya kitambaa cha buluu. Nyinyi mashine inawafanyia kazi hiyo mkinywa soda. Sina wivu, au ninao kidogo.

Sasa zile dawa. Kule milimani kila kijiji kilikuwa na mama wa dawa ya kifua, lakini aliyejulikana ni Mghoi, mama Maghanga. Alichemsha magome ya mjafari, ule mti wa miiba, pamoja na tangawizi na majani ya mkaratusi, siku nzima, kwenye sufuria ambayo haikupikiwa kitu kingine. Jioni aliikamulia limau, akatia asali, akachuja kwa kipande cha leso na kuijaza kwenye chupa za soda zilizozibwa kwa gunzi. Ilikuwa ya kahawia, nzito, chungu mwanzo na tamu mwisho. Watu hawakuinunua na kwenda zao. Walikaa jikoni kwake penye moshi, wakanywa kijiko cha kwanza mbele yake, wakamweleza matatizo yao. Na alikuwa mama mwenye kifua kweli kweli: la kuambiwa lilikaa, halikutoka nje ya lile jiko.

Kwangu ile dawa ilikuwa balaa. Namuuliza mgonjwa, "Umekunywa dawa yoyote?" Anajibu, "Sijaonja kitu," na mdomo wake unanuka tangawizi hadi mlangoni. Makohozi yanakuja ya kahawia. Je, ni damu iliyolala, au ni magome ya mjafari? Nimewahi kumtisha mtu mzima bure, na nimewahi kumtuliza mtu aliyestahili kutishwa. Siku moja niliamua kuitazama ile dawa yenyewe kwa hadubini. Nyambu akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia vipande vya magome, na labda chavua za maua kutoka kwenye asali. "Hilo hata ungemuuliza nyuki angekwambia," akasema.

Halafu binti yangu akashikwa na kikohozi, usiku mzima kama mbwa anayebweka. Nikamletea dawa ya kituoni. Jioni iliyofuata akalala kimya mpaka asubuhi, nami nikajisifu. Mke wangu akafungua kabati akanionyesha chupa ya soda yenye gunzi.

"Ingepoa tu yenyewe," nikasema.

"Mbona haikupoa jana?"

Nikatoka nje kuangalia kuku. Ndio mchango wangu kamili kwa sayansi ya mitishamba.

Inabidi niseme kidogo kuhusu neno kifua, kwa sababu ndilo lililoniingiza matatani. Mtu wa kwetu akikwambia "nina kifua" anaweza kuwa na mafua, pumu, kiungulia, kifua kikuu au mume mlevi. Na neno makohozi nalo lilikuwa tatizo lingine. Mama mkwe yuko pale kwenye benchi, mkamwana yuko hapa, wewe unamwambia kwa sauti "tema makohozi": watu waliona haya, wakainamisha vichwa, wakaniletea mate. Basi nikatafuta lugha ya adabu. Nikawa nasema, "Utoe yaliyo kifuani." Likapokelewa vizuri. Nilijiona mtu mstaarabu sana.

Maghanga aliletwa na mama yake msimu wa baridi. Alikuwa mwanamume wa makamo ya thelathini, mabega yametokeza, amerudi kutoka kwenye machimbo ya vito kule chini bondeni ambako alichimba miaka mingi. Kikohozi chake kilikuwa kikavu, cha kukwaruza, na akipanda ngazi mbili za kituo alisimama kama aliyepanda mlima. Benchi zima liligeuza shingo walipoingia. Mama wa dawa ya kifua kumleta mwanawe kliniki, hilo lilikuwa jambo la kusimulia.

"Daktari," akaniambia, maana wote tuliovaa koti jeupe tulikuwa madaktari, "huyu mtoto wangu. Kifua yake imekataa dawa yangu."

Majina yao nimeyabadilisha, lakini maneno yale sijayabadilisha, maana nimeyarudia kichwani mara nyingi. Siku hizo tulichukua sampuli tatu: moja pale pale, moja ya alfajiri kutoka nyumbani, na moja tena pale pale mgonjwa akileta ile ya alfajiri. Nilimpa Maghanga kikopo cha kwanza, akajitahidi, akatoa kidogo. Halafu nikawapa kikopo cha kwenda nacho. Na kwa kuwa walikuwa wameketi wote wawili mbele yangu, niliwasemesha wote wawili.

"Kesho alfajiri, mkiamka tu, kabla ya kula, mtoe yote yaliyo kifuani. Myateme humu. Msinifiche kitu."

Mama akanitazama. "Yote?"

"Yote, mama. Hayo yakibaki ndani ndiyo yanamuua mtu."

Akamtazama mwanawe, akanitazama tena, muda mrefu. "Wewe unajua haya mambo?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Na wewe si mtu wa hapa."

"Mimi Mkamba, mama."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kwa heshima ambayo sikujua inatoka wapi. Nikadhani ni koti, nikasahau kwamba Wakamba tunasifika kwa uganga.

Kikopo cha kwanza hakikuwa na kitu. Cha tatu vivyo hivyo. Cha alfajiri kilikuwa cha kahawia, na jua lilipotoka nikaona zile nyuzi nyekundu, chache lakini zipo. Afisa wa kliniki akamtazama Maghanga mbavu, akasema mtu aliyekonda hivi, na kikopo kimoja kimeshasema, aanze dawa. Akaanza. Mama yake alikuwa akimsindikiza kila asubuhi kumeza tembe, akiwa amefunga leso kichwani, akikohoa kidogo ndani ya kiganja. "Moshi ya jikoni," alisema ukimwangalia.

Ilipofika miezi miwili tukarudia vipimo. Maghanga alikuwa hajanenepa hata chembe, na pumzi ilikuwa fupi zaidi. Sampuli ya pale pale: hamna kitu. Ya alfajiri: nyuzi nyekundu zimejaa, nyingi kuliko mwanzo. Ya tatu: hamna.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa hadi nikaanza kuiogopa meza yangu. Mgonjwa gani anaumwa alfajiri na kupona saa tatu? Nikasema nimechanganya slaidi. Nikarudia, ikatoka vile vile. Nikailaumu rangi, nikapika nyingine. Nikalaumu kioo cha hadubini, nikakisugua. Afisa wa kliniki akaanza kusema huenda dawa zimeshindwa na apelekwe kwenye sindano kali, zile zilizokuwa zikiwaacha watu viziwi. Maghanga alikuwa ameketi nje kwenye benchi, mikono juu ya magoti, akisubiri mimi niseme kitu cha maana. Niliona kwamba mtu huyu atakufa mkononi mwangu na sitajua kwa nini.

Nyambu akaja na kikombe chake cha chai. Hakuitazama slaidi. Alikitazama kikopo pale ukingoni mwa dirisha, akaniita kwa kidole. Msururu wa sisimizi ulikuwa umepanda ukuta, unazunguka mdomo wa kile kikopo.

"Mutua," akasema, "makohozi yameanza lini kuwa na asali?"

Tukakubaliana kwamba Maghanga anakunywa dawa ya mama yake kabla ya kukohoa. Hilo lilieleza sisimizi, halikueleza nyuzi nyekundu, lakini mtu aliyepotea hushika njia yoyote. Nikawapa kikopo kingine, nikaamua kwenda nyumbani kwao mwenyewe alfajiri, nisimame hapo nione anavyofanya. Sista Wakesho akasema atanipeleka, maana ni mzaliwa wa Wusi na mbwa wa kule wanamjua.

Tulifika kukiwa kumepambazuka, ukungu bado umelala kwenye migomba. Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Nilitaka kupiga hodi, Sista akanishika mkono.

Mama Maghanga alikuwa amesimama ndani, uso wake ukielekea chumba alicholala mwanawe. Kwanza alikohoa. Kikohozi kile sikuwa nimekisikia kliniki. Kumbe kliniki alikuwa anakibana. Kilitoka chini kabisa, chenye maji, kikamwinamisha mpaka akashika ukuta. Alipomaliza hakutema. Alichukua chupa yake ya dawa, akapiga funda, akasema maneno kwa Kidawida, lugha ya kwao, kisha akalipuliza lile funda ndani ya kikopo changu, pole pole, kwa uangalifu wa mtu aliyeambiwa asimwage. Akasema tena, akapiga funda tena, akapuliza.

"Anafanya nini?" nikanong'ona.

"Anatasa," akasema Sista Wakesho, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Alinieleza pale pale nyuma ya migomba. Kwao, kinyongo si jambo la siri ya mtu na moyo wake. Mama akiwa na hasira na mwanawe, hasira hiyo ikikaa kifuani, mwana anaugua. Dawa yake ni kutasa: unapiga funda la maji, au la maji ya muwa, au la pombe, unalipuliza nje, unataja kilichokuudhi na kumtakia heri yule uliyemkasirikia. Ya watu wa zamani, alisema Sista, siku hizi wengi wanaifanya kimya kimya halafu Jumapili wanaimba kwaya.

"Na anasema nini?"

Sista akasikiliza. "Anasema, nilikukasirikia baba yako alipougua na wewe ukabaki kwenye mashimo. Nilikukasirikia ulipokuja kaburi limeshaota nyasi. Sikumwambia mtu. Sasa inatoka. Mwanangu, upone."

Nikakumbuka maneno yangu mwenyewe. Mtoe yote yaliyo kifuani. Mteme. Msinifiche kitu. Yakibaki ndani ndiyo yanamuua mtu. Sikuwahi kujisikia mjinga na msomi kwa wakati mmoja hivyo.

Tulibisha hodi. Mama alitukaribisha bila haya yoyote, akanikabidhi kikopo kama mtu anayerudisha alichoazima. Maghanga alitoka chumbani akifunga sweta.

"Mbona hukutema wewe?" nikamuuliza.

"Mimi asubuhi nakohoa, hakutoki kitu, daktari. Kukavu. Mama akasema leta, hiyo aliambiwa ni kazi yake."

Basi zile nyuzi hazikuwa za Maghanga hata siku moja. Zilikuwa za mama yake. Siku hiyo hiyo nikamwomba mama sampuli zake mwenyewe, kliniki, bila asali, Sista akimweleza kwa Kidawida sanifu. Zote zikajaa nyekundu. Maghanga naye akapelekwa kupigwa eksirei, na daktari akamwambia mapafu yamejaa vumbi la mawe kutoka machimboni, na vumbi halina tembe.

Ungedhani mkanganyiko umekwisha. Mama Maghanga akakataa dawa.

"Mimi nimeshatema," alisema. "Imetoka. Sasa tembe ya nini? Na nikikaa kwa hiyo benchi yenu, watu wataniona. Mama wa dawa ya kifua ana kifua! Nani atakuja kwangu tena?"

Nikamweleza vijidudu. Nikamweleza kwamba ugonjwa huu hausafiri kwa kijiko bali kwa pumzi, na kwamba jiko lake lisilo na dirisha linakalisha watu wakivuta pumzi yake jioni nzima. Alisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtoto wa jirani akisoma shairi la shule. Huku anakonda. Leso aliyojifunga kiunoni ilikuwa inazunguka mara mbili badala ya moja. Mama huyu angekufa, hilo nilikuwa na uhakika nalo, na ndilo jambo la pekee nililokuwa na uhakika nalo mwaka ule.

Mwisho aliniuliza swali moja. "Hiyo kitu unasema, wewe umeiona?"

"Nimeiona, mama. Hata wewe unaweza kuiona."

Alikuja kesho yake na Maghanga. Ukungu nao ukaja. Tukakaa maabarani, mimi, Nyambu, Sista, mama na mwanawe, tukisubiri jua. Maghanga alikuwa akipumua kwa kelele ndogo, kama mlango unaosukumwa na upepo. Nyambu alimpa mama chai. Mlima ulipoonekana mwishowe, nikageuza kioo, nikamwita mama, nikamwonyesha jicho moja afumbe na jingine aweke pale.

Alitazama muda mrefu.

"Naona uzi nyekundu."

"Ndiyo hiyo."

"Hii ndiyo ilikuwa kifuani yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Hii niliyomtemea huyu?"

Nikamtazama Sista aniokoe. Sista alikuwa anauchunguza ufagio. Nikamtazama Nyambu, alikuwa ameingia na uso mzima ndani ya kikombe. Mnafundishwa chuoni cha kumjibu mtu hapo? Mimi sikufundishwa. Nikasema, "Ni ile iliyotoka kwenye kikopo ulichonipa, mama." Si uongo. Lakini msiniulize kama ni kweli.

Hakuinua kichwa. "Nilijua iko," akasema. "Sikujua ni nyingi hivi."

Kisha akauliza kama bado imebaki, nikasema bado. Akauliza kama kutasa hakutoshi, nikasema hii inataka na tembe. Akageuka kwenye kiti, akamtazama mwanawe.

"Basi ni wewe utanipa. Kwa mkono yako. Kila siku."

Maghanga hakuwa msemaji. Macho yalikuwa yamejaa maji. "Nitakupa, mama," akasema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi walikuja wote wawili kwenye benchi, hadharani. Maghanga anapokea tembe kwa Sista, anampa mama yake mkononi na kikombe cha maji. Mama akishameza anafungua kikapu, anatoa chupa yenye gunzi, anampa mwanawe kijiko cha dawa yake. Sista alitaka kuwakataza, kwamba mitishamba hairuhusiwi kwenye kituo. Nyambu akamuuliza yeye anayo dawa gani ya vumbi la mawe. Sista akaenda kuhesabu blanketi.

Walioketi jikoni kwa mama tuliwapima. Wengi walikuwa salama, jirani mmoja hakuwa, naye akaanza tembe. Wateja wakapungua, wakarudi, wakakuta mama ametoboa dirisha kubwa kwenye ukuta wa jiko. Na Maghanga, ambaye daktari hakuwa na matumaini naye, aliishi na vumbi lake miaka mingi kuliko tulivyotarajia, akisema kile kijiko kinamfungulia kifua. Labda ni tangawizi, au asali. Au labda ni ule mkono. Nimejaribu kuvitenganisha vitu hivyo maisha yangu yote, Mkamburi, kama nilivyotenganisha mate na makohozi, na kila mara vinarudi kwenye kikopo kimoja.

Mwisho wa dawa zake mama alipaswa kuleta sampuli ya mwisho, ya alfajiri. Alinikabidhi kikopo. Nikakifungua, nikakiinamisha kuelekea dirishani. Kilikuwa kikavu kabisa.

"Mama, humu hamna kitu."

"Nimekohoa mpaka mbuzi wameshtuka."

"Jaribu tena hapa. Hata kidogo tu."

Akavuta pumzi, akaisukuma, ikatoka hewa safi. Akajaribu tena. Halafu akacheka, na nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka bila kukohoa.

"Daktari, sasa nikutemee nini?" Akamtazama Maghanga pale kwenye benchi, chupa ikiwa katikati ya magoti yake. "Hata ya huyu, hakuna imebaki."

Nilisimama na kikopo mkononi. Kanuni ilitaka sampuli, nami sikuwa nayo. Nikaenda kwa Nyambu, aliyekuwa akifunga vitu vyake kwa sababu wiki hiyo ndiyo aliyokuwa akistaafu, nikamuuliza niandike nini.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Si ndiyo maneno tunayoandika kila siku?" akasema, na kunisogezea kalamu. "Andika: hakuna kilichoonekana."

Nikaandika. Nilikuwa nimeyaandika maneno yale mara zisizo na idadi bila kuyafikiria. Siku hiyo niliyaandika herufi moja moja, na mama alisimama nyuma yangu akiuliza, kama sikihitaji tena, achukue kile kikopo akawekee chumvi jikoni.